Viumbe wanaokula mwanga katika kijiko kimoja cha bahari

Ndugu msomaji, chota kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari kuu, mahali ambapo mto haufiki na tope la pwani halionekani. Yaangalie juani. Utaona maji maangavu tu, na ukiyaonja utapata chumvi. Kumbe katika kijiko hicho mna bakteria milioni kadhaa, na wengi miongoni mwao wana jambo ambalo hadi mwaka 2000 wataalamu wa bahari hawakulijua: wanapata nguvu ya kuishi kutokana na mwanga wa jua, bila ya kuwa mimea, bila ya kuwa na rangi ya kijani, na bila ya kujipikia chakula.

Nimelileta jambo hili kwenye kurasa za familia kwa kuwa linagusa jikoni kwetu: samaki tunaowakaanga, na hata karoti na mchicha, kama itakavyoonekana mbele. Linagusa pia madaftari ya watoto wetu wa sekondari, ambao bado wanasoma kwamba kiumbe anayeishi kwa mwanga ni yule mwenye majani.

Neno "vijidudu" nyumbani kwetu limekwisha haribika. Tunalitumia tunapowaambia watoto wanawe mikono, na ni sawa kufanya hivyo. Lakini walio wengi miongoni mwa viumbe hao wa baharini hawana habari na matumbo yetu. Wana shughuli zao tangu kabla hakujakuwa na samaki wala mwanadamu, na shughuli hizo, kwa qudra ya Allah (SW), ndizo zinazoiweka bahari katika uhai.

Kupika kwa mwanga

Njia ya kwanza ya kutumia mwanga inafahamika. Shuleni huitwa usanisinuru. Jani huchukua maji na hewa ukaa, na kwa nguvu ya jua inayonaswa na rangi ya kijani iitwayo klorofili hutengeneza sukari na kutoa oksijeni. Ni upishi kamili: kuna moto, kuna sufuria, na mwishowe kuna chakula.

Takribani nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika baharini. Wengi tukisikia hivyo hufikiria mwani, kama ule unaolimwa Paje na Jambiani. Mwani una sehemu yake, ila ni ndogo. Kazi kubwa hufanywa na viumbe waeleao wasioonekana kwa macho, na aliye mdogo na mwenye idadi kubwa kuliko wote katika hao ni bakteria aitwaye Prochlorococcus. Ukiwapanga zaidi ya 1,500 kwa mstari mmoja ndipo utapata milimita moja. Alikaa mbele ya macho ya wanasayansi kwa karne nzima ya safari za utafiti bila ya kutambuliwa, mpaka miaka ya 1980, Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao wa Marekani walipopakia melini kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kuhesabu chembe za damu. Kifaa hicho hupitisha maji mbele ya mwale wa leza na kuhesabu chembe moja moja. Walipochapisha habari zake mwaka 1988, ilidhihirika kwamba mililita moja ya maji ya bahari za joto inaweza kuwa na Prochlorococcus laki moja na zaidi. Makazi yake ni maji ya joto ya pande zote mbili za ikweta, na Bahari ya Hindi imo.

Kinachotuhusu zaidi ni hatima ya sukari anayoipika. Prochlorococcus huliwa na viumbe wa chembe moja walio wakubwa kidogo kumshinda, nao huliwa na wadudu wadogo waeleao, nao huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na vibua na jodari. Hivyo basi, mwanga uliotua juu ya maji mchana mmoja hupanda ngazi, na kila daraja hupungua sana, hadi ufike sahanini kwetu. Tulizowea kuamini kwamba hiyo ndiyo habari yote ya mwanga baharini.

Rangi ya mashamba ya chumvi

Habari ya njia ya pili inaanzia kwenye chumvi. Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi, kama yale ya Bagamoyo au ya Gongoni kaskazini ya Malindi, anajua kwamba maji yanapokaribia kukauka na kuwa makali mno, vidimbwi vinaweza kugeuka rangi ya waridi au wekundu. Miongoni mwa wanaovipa rangi hiyo ni viumbe wadogo wapendao chumvi kali, na maarufu wao huitwa Halobacterium. Mwaka 1971 Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius, wakiwa San Francisco, walieleza kwamba utando wa zambarau wa kiumbe huyo una protini iliyobeba retinali, kitu kilekile kilichomo machoni mwetu. Haikuchukua muda ikafahamika kazi yake: mwanga ukiipiga, protini hiyo hufanya kazi ya pampu.

Kuieleza pampu hiyo nitatumia kitu ambacho kila mjumbe wa kamati ya msikiti anakijua vizuri, pengine kuliko anavyopenda: tangi la maji ya udhu. Pampu husukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi lililo juu ya paa. Kusukuma huko ndiko kunakogharimu umeme, na bili haisahau kuja. Lakini maji yakishafika juu hayahitaji kusukumwa tena. Yenyewe yanataka kushuka, na yanaposhuka yana nguvu ya kufika hadi bomba la mwisho la safu. Sasa chukulia kwamba ndani ya lile bomba la kushukia pamewekwa gurudumu dogo. Kila yanaposhuka maji, gurudumu lingezunguka, na kuzunguka kwake kungeweza kufanya kazi nyingine.

Kiumbe huyu ana utando unaomzunguka pande zote. Ndani na nje ya utando mna protoni, ambazo ni viini vya hidrojeni, vidogo mno. Mwanga ukiipiga retinali, retinali hubadilika umbo, na katika kubadilika huko protoni moja husukumwa kutoka ndani kwenda nje. Kisha nyingine, kisha nyingine. Zikirundikana nje hutaka kurudi ndani, kama yale maji ya juu ya paa, na mlango zilioachiwa una gurudumu. Hapa si mfano tena. Ni protini inayozunguka kwelikweli, na katika mzunguko wake hutengeneza ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu inayotumika ndani ya kila kilicho hai. Paul Boyer na John Walker walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kufafanua namna ATP inavyotengenezwa hapo. Gurudumu la aina hiyo limo pia ndani ya miili yetu. Tofauti ni kwamba sisi pampu zetu zinaendeshwa kwa ubwabwa na maharage, na kiumbe wa chumvi anaweza kuiendesha yake kwa jua. Kwa lugha ya kamati, amefunga sola.

Pamoja na uzuri wake, ugunduzi huo ulihesabiwa kuwa kioja cha vidimbwi vya chumvi. Kwa takriban miaka 30 haikudhaniwa kwamba bahari nzima ina pampu za namna hiyo.

Ghuba ya Monterey, mwaka 2000

Tatizo lilikuwa kwamba bakteria walio wengi wa bahari hawakubali kufugwa maabara. Ukiwawekea chakula hawakui, na asiyekua hachunguziki. Oded Béjà, Edward DeLong na wenzao, waliokuwa wakifanya kazi katika ghuba ya Monterey, California, walipita njia nyingine. Walichuja maji ya bahari, wakatoa DNA, yaani vinasaba, vya viumbe wote waliomo kwa mkupuo, wakavikata vipande virefu na kuvipandikiza ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, E. coli, ili visomwe herufi kwa herufi.

Katika kipande kimoja chenye herufi takribani 130,000, kilichotoka kwa kundi la bakteria liitwalo SAR86, walikuta jeni inayofanana na ile ya pampu ya Halobacterium. Kufanana kwa maandishi si ushahidi wa kazi, na wao walilijua hilo. Wakawafanya E. coli waitengeneze protini hiyo, wakawapa retinali, na bakteria wale wakageuka wekundu. Walipowamulika, protoni zilitoka nje. Walipozima taa, zikakoma. Protini hiyo waliiita proteorodopsini.

Mwaka uliofuata waliikuta ikifanya kazi katika maji yenyewe ya bahari, na wakaona jambo ambalo binafsi ndilo lililonikalisha kitako. Pampu za juu ya maji na pampu za kina kirefu hazikunasa rangi moja ya mwanga. Maji humeza mwanga kwa mpango: nyekundu humalizika katika mita chache za mwanzo, ndiyo maana samaki mwekundu akiwa chini sana huonekana mweusimweusi, kijani huendelea kidogo, na samawati ndiyo izamayo mbali zaidi katika maji safi. Basi pampu za bakteria wa juu zilikuwa zimefungwa kunasa kijani, na za wale waliotolewa mita 75 chini ya maji karibu na Hawaii zilinasa samawati. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba tofauti ya rangi hizo inaweza kuletwa na kubadilika kwa tofali moja tu la protini, lililo nafasi ya 105. Tofali moja kati ya mia mbili na zaidi!

Faida iliyojificha kwenye njaa

Lakini je, mwanga huo unamsaidia bakteria, au ni pambo? Mwaka 2005 iligundulika kwamba hata SAR11, kundi lenye idadi kubwa kuliko yote katika maji ya juu ya bahari, lina pampu hiyo. Watafiti waliofanikiwa kumfuga bakteria wa kundi hilo walimkuza wengine gizani na wengine penye mwanga, wakalinganisha. Hakukuwa na tofauti.

Miaka miwili baadaye Laura Gómez-Consarnau, Jarone Pinhassi na wenzao walichukua bakteria wa Bahari ya Mediterania na kumpa chakula kidogo badala ya kumshibisha. Hapo waliokuwa kwenye mwanga wakakua zaidi kuliko wa gizani. Mwaka 2010 wakaja na jaribio lililofunga mjadala, na bakteria wake alitoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi, katika Bahari ya Andaman. Walimnyima chakula kabisa. Penye mwanga alistahimili siku nyingi kuliko gizani. Wakaiondoa ile jeni, faida ikatoweka. Wakairudisha, faida ikarudi. Alipopimwa tena SAR11 akiwa na njaa, mwaka 2011, naye alionekana kudumisha nguvu zake mwangani na kusinyaa gizani. Jaribio la 2005 halikuwa na dosari katika vipimo vyake. Bakteria walikuwa wameshiba, na aliyeshiba haonyeshi anavyoishi na njaa.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya njia mbili hizi, na ningependa msomaji aishike. Prochlorococcus hupika: mwanga wake huwa sukari, na sukari huwa mwili unaoliwa na wengine. Mwenye proteorodopsini hapiki. Hatwai hewa ukaa akaigeuza chakula. Mwanga humlipia gharama za ndani, kama sola inayowasha taa za nyumba lakini haijazi ghala la mahindi. Bado anahitaji kula makombo yaliyoyeyuka majini. Ila siku ya kukosa, jua humsitiri.

Retinali ya jikoni

Retinali hiyo ni nini? Hutokana na rangi ya manjano na chungwa iliyomo katika karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maembe na mapapai, na imo pia katika mboga za majani kama mchicha, ingawa huko hufunikwa na kijani. Mwili huivunja rangi hiyo na kupata vitamini A, na kwa vitamini A macho hupata retinali. Ndiyo sababu mtoto aliyepungukiwa na vitamini A huanza kwa kutoona vizuri jioni inapoingia, na ndiyo sababu akina mama huitwa kuwapeleka watoto wenye umri chini ya miaka mitano wakapewa matone. Tusiwacheleweshe.

Katika jicho, retinali haiendeshi pampu. Mwanga ukiipiga, hupeleka habari kwenye ubongo. Kitu ni kimoja, kazi mbili. Kila anayekodoa macho upande wa magharibi kutafuta mwezi mwandamo anatumia kinasa mwanga kilekile ambacho bakteria wa bahari iliyo mbele yake alikitumia mchana kutwa kujikimu.

Tayari nasikia simu zikilia. Kila jambo la namna hii likitangazwa, haipiti wiki ujumbe husambaa kwenye makundi kwamba Qur'an ililitaja tangu karne 14 zilizopita, na kwa kuwa hapa pana nuru na pana bahari, bila shaka itatajwa Suratun-Nuur. Siungi mkono mwenendo huo, japo nia ya wanaoufanya ni njema. Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa kuanza na maana iliyofahamika kwa walioteremshiwa aya, na hao hawakuisubiri Monterey. Aidha, tazama tu historia tuliyoisoma sasa hivi: ambaye mwaka 2005 angetundika aya juu ya tokeo kwamba mwanga haumsaidii SAR11, mwaka 2011 angelazimika kuitundua mbele ya watu. Kitabu kimetutaka tutazame na tutafakari. Hilo linatosha kuwa dalili, na linatosha kuwa kazi.

Kwa kazi hiyo tunaye Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alithibitisha kwa majaribio kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia machoni, wala si kwa miale itokayo machoni kama walivyosema baadhi ya wakubwa wa Kiyunani. Aliandika pia kitabu kizima cha kumsahihisha Batlamyus, ambaye watu walikuwa wakimnakili kwa kumheshimu. Waliomulika bakteria, wakazima taa, wakaiondoa jeni na kuirudisha, wamefuata mwenendo ambao yeye hangeuona mgeni.

Mwanga unakwenda wapi

Mwaka 2019 Gómez-Consarnau na wenzake walichapisha hesabu ya mwanga. Walikuwa wamesafiri kwa meli kutoka Mediterania hadi mashariki ya Atlantiki, wakichuja maji na kupima retinali iliyomo, kisha wakailinganisha na klorofili. Walikuta kwamba katika maji yenye uhaba wa virutubisho, hasa ya Mediterania, nguvu ya jua inayonaswa kwa njia ya retinali hulingana na ile inayonaswa kwa klorofili, na pengine huizidi. Yaani, katika maji ya namna hiyo, kwa kila fungu la mwanga linalopikwa kuna fungu jingine kama hilo linalotumika kuwahifadhi bakteria na njaa, nalo halipandi ngazi kwa njia ya upishi kwenda kwa samaki.

Hapo jambo hili linaacha kuwa la maabara. Bahari inavyopata joto, tabaka la juu huwa jepesi na huchanganyika kwa shida na maji baridi ya chini yenye virutubisho, na watafiti hao wanaona kwamba uhaba wa virutubisho ukizidi, njia ya retinali itazidi kuwa na nafasi. Kwa upande wa wapishi, mwaka 2025 François Ribalet wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake, baada ya kuwapima Prochlorococcus katika safari nyingi za meli, walieleza kwamba kasi yao ya kuzaana hupanda maji yanapopata joto mpaka kufikia nyuzi 28 hivi za Selsiasi, na baada ya hapo huporomoka. Waliotangulia walidhani kiumbe wa maji ya joto atafurahia joto zaidi. Mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Machi, maji ya juu ya pwani ya Afrika Mashariki huvuka nyuzi 28.

Hii haina maana kwamba dagaa watatoweka msimu ujao. Wapo wapishi wengine baharini, mmojawapo akiwa jamaa yake aitwaye Synechococcus, ambao wanaweza kushika sehemu ya nafasi hiyo. Lakini hesabu ya samaki wa kesho haianzii kwenye nyavu na mashua peke yake. Inaanzia kwenye mgawanyo huu wa mwanga: kiasi gani kimepikwa, na kiasi gani kimeishia kuwalisha bakteria wenyewe.

Vipimo vya 2019 vilihitaji meli, vichujio, jokofu la baridi kali na mashine ya kutenganisha kemikali. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja, na ile ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi ina makao yake Mombasa. Kijana wa kidato cha tatu anayejiuliza achukue mchepuo gani, na ambaye kwao ni pwani, ajue kwamba kazi hii inaingiwa kwa mlango wa Kemia na Baiolojia, na kwamba maji ya kuchuja yapo mbele ya nyumba yao.